Tabora Hakuna pa Kwenda? Kweli na Uongo kuhusu Jumamosi za Unyanyembe

Tabora haikosi wageni wanaokuja wawili wawili. Mume ni mhandisi wa reli na mke anafanya kazi zake nyumbani kwa kompyuta, au mke ni daktari aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili na mume amemfuata. Wapo waliotoka Uturuki, India au Ubelgiji. Wapo pia waliotoka Moshi au Zanzibar kwa barua ya uhamisho, na kwao Unyamwezi ni ugenini vilevile. Wiki za kwanza huisha kwa kutafuta nyumba, mtungi wa gesi na neti ya mbu. Kisha inafika Jumamosi, wawili hao wanauliza waende wapi, na kila aliye karibu ana jibu. Mimi ni mwenyeji wa hapa. Nimesikia majibu hayo yakitolewa kwa nia njema kabisa, na mengi yanawapotosha watu. Nayapima hapa yale yanayorudiwa zaidi.

"Tabora hakuna pa kwenda. Subirini likizo mwende Serengeti."

Si kweli, na ndilo jibu linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu mara nyingi hutoka kinywani mwa mwenyeji.

Kabla reli haijafika mwaka 1912, huu ulikuwa mji mkubwa wa bara kwa mtu yeyote aliyetoka pwani. Njia kutoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika: moja ikaenda magharibi mpaka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliingia hapa tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 baada ya kuondoka pwani, wakapokewa na kutunzwa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Mwaka uliofuata Speke aliondoka hapahapa kwenda kaskazini, akaliona ziwa aliloliita Victoria tarehe 3 Agosti 1858, na Burton akabaki nyuma Unyanyembe, yaani hapa Tabora na viunga vyake.

Mahali palipokuwa njia panda ya nusu ya bara hapawezi kukosa pa kwenda Jumamosi. Tatizo ni kwamba vitu vya Tabora havina geti kubwa wala bango lenye picha ya simba. Inabidi uulize. Anayeuliza kwa adabu, akaanza na shikamoo kwa wazee na "mwangaluka" asubuhi, ataonyeshwa mengi kuliko anayepita na gari amefunga vioo.

"Stanley alimkuta Livingstone pale Kwihara."

Si kweli. Walikutana Ujiji mwezi Novemba 1871. Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, walifika pamoja Februari 1872 wakakaa tembe moja hadi tarehe 14 Machi, Stanley aliposhika njia ya kurudi pwani. Livingstone alibaki.

Kwa kawaida masimulizi ya mwongoza wageni huishia hapo, na wanandoa hupiga picha mlangoni wakaondoka. Mimi naona yanapaswa kuanzia hapo. Mtu ambaye jina lake lilijaa kwenye magazeti ya London alikaa Kwihara zaidi ya miezi mitano bila kusogea, kwa sababu hakuwa na wapagazi. Alingoja mpaka Agosti, walipofika wanaume ambao Stanley aliwaajiri na kuwatuma kutoka pwani. Tarehe 25 Agosti 1872 akaondoka nao kuelekea kusini.

Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauviringisha na kuubeba. Oktoba mwaka huohuo walifika tena Unyanyembe. Hapo wakamkuta ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa amekuja kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapahapa, kwa kuwa njia iliyobaki ilikuwa na hatari. Walikataa. Waliendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey.

Hebu fikiri uzito wa kukataa huko. Bwana wao amekufa, mshahara wao haujulikani utalipwa na nani, na ofisa wa Kiingereza anawapa ruhusa ya kuutua mzigo. Wao wanasema hapana. Uamuzi huo ulifanyika Unyanyembe, na kwangu ndilo jambo kubwa zaidi lililowahi kutokea kwenye ardhi ile. Ukienda Kwihara na mwenzako, ulizeni habari za Susi na Chuma kwa majina.

Kuna swali dogo linaloambatana na hili: je, nyumba inayoonekana leo ni ileile waliyolala? Hapana. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, na udongo hauvumilii mvua za miaka 100 bila matengenezo. Inayoonekana ilijengwa upya katika karne ya 20 na ndiyo makumbusho. Umbo lake linafaa kutazamwa kwa makini: kuta nene, vyumba vyenye ubaridi hata jua la Oktoba linapochoma, ua wa kati. Nendeni kwa baiskeli asubuhi. Nchi yetu ni tambarare, na baiskeli ni chombo cha heshima Tabora.

"Wapagazi wote walikuwa watumwa wa Waarabu."

Si kweli, na kosa hili limewanyima Wanyamwezi haki yao kwa zaidi ya karne moja.

Utumwa ulikuwepo, na ulikuwa mkali. Watu waliuzwa katika njia hii, na wengine walifia njiani. Hilo halipunguzwi hata kidogo. Lakini meno ya tembo na vitambaa vilivyopita hapa vilibebwa kwa sehemu kubwa na wapagazi huru waliolipwa ujira, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Wala hawakungoja Mwarabu awafundishe njia. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka pwani na meno ya tembo mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga makao Unyanyembe.

Upagazi ulikuwa kazi yenye taratibu zake. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, bado hujahesabu mkeka, sufuria, silaha na chakula cha mbebaji mwenyewe. Kirangozi alitangulia, akichagua njia na mahali pa kupiga kambi. Malipo yalikuwa kwa doti za kitambaa, na posho ya kila siku ilipimwa kwa kibaba cha nafaka. Merikani, lile shiti lisilopaushwa kutoka viwanda vya Marekani, na kaniki ya buluu iliyotiwa rangi India vilikuwa fedha ya njia hii. Bwana wa msafara akipunja posho au akiharakisha mwendo kupita kiasi, wapagazi waliweka mizigo chini. Wengine walitoroka usiku na kumwacha na marobota yake porini. Wengi walipanga safari zao ili wasikose msimu wa kilimo nyumbani, na mvua za Novemba zilipokaribia hakuna fimbo iliyowazuia.

Vijana wa Kinyamwezi walihesabu kwenda pwani kuwa sehemu ya kukua. Aliyewahi kufika bahari na kurudi alizungumza kama mtu mzima. Misafara pia haikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake walifuatana na waume zao, wakabeba vyombo vya kupikia, wakatafuta kuni na maji kambini, na wapo waliobeba mizigo kwa ujira.

Hoja yangu ni hii. Mgeni anayefika hapa akidhani njia hii ni ya wapelelezi wa Kizungu upande mmoja na minyororo upande mwingine atarudi kwao bila kuwajua watu walioitengeneza. Misafara iliyobeba makumi ya maelfu ya watu kwa mwaka haikuongozwa na ramani ya London. Hata Kiswahili kilichotangulia kufika Ujiji na Buganda kilipelekwa pia na watu hawa, kambi moja baada ya nyingine.

"Hapo zamani hakuna mke wa Mzungu aliyepita njia hii."

Si kweli. Edward Hore alikuwa baharia katika kazi za London Missionary Society kwenye Ziwa Tanganyika, na mkewe Annie alisafiri kutoka pwani hadi Ujiji mwaka 1884 na 1885 pamoja na mtoto wao mdogo. Alikaa kwenye kiti kilichofungwa kwenye miti na kubebwa mabegani na wanaume waliopokezana. Mwaka 1886 kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa London. Waliishi kisiwani Kavala, ziwani Tanganyika. Mke na mume wageni, na mtoto, katika njia hii, miaka 140 iliyopita. Nawatajia wageni wa leo wanandoa hawa ili wajue hawakuwa wa kwanza, na pia ili wajue kwamba kila hatua ya Annie Hore ilitegemea mabega ya mtu mwingine.

"Njia ya Misafara ni Urithi wa Dunia wa UNESCO."

Bado. Tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kuwa katika orodha hiyo si kutangazwa. Wanandoa wenye likizo ya wiki mbili wanaweza kuifuata njia yote kwa gari kutoka pwani hadi ziwani, na mimi ningewashauri hivyo kabla ya kitu kingine chochote, lakini wasitegemee kukuta mabango ya UNESCO.

"Kila mwembe wa zamani uliota kwenye kokwa aliyoitupa mtumwa."

Kuna ukweli kidogo ndani yake. Mwembe si mti wa asili wa Unyamwezi. Uliletwa kutoka pwani na wafanyabiashara, pamoja na michungwa, milimau na mipapai, na Stanley aliikuta miti hiyo ikistawi Unyanyembe. Ila iliwekwa bustanini na kumwagiliwa na watu waliotaka kula matunda yake na kukaa kwenye kivuli chake. Waliochimba mashimo na kuteka maji, wengi wao yamkini walikuwa watumwa. Hao ndio wanaostahili kukumbukwa, na hadithi ya kokwa inawafuta. Tena, mwembe mnene peke yake si uthibitisho kwamba msafara ulipita hapo. Miembe mingi ya barabarani ilipandwa baadaye.

"Asali ya Tabora ikiganda, ujue imetiwa sukari."

Uongo mtupu, na unawaumiza warina asali wetu kila wikiendi.

Wanandoa wananunua asali sokoni au Sikonge, wanaiweka kabatini, na Juni ubaridi unapoingia wanaikuta imeganda chembechembe. Wanadhani wameibiwa. Asali halisi huganda. Sukari ya asili iliyomo ndani yake, hasa glukosi, hujitenga na kuwa chembe, haraka au polepole kutegemea maua ambayo nyuki waliyatembelea. Iweke chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, usiichemshe, itarudi kuwa majimaji. Kuichovya njiti ya kiberiti na kuiwasha hakuthibitishi kitu, wala kuidondosha kwenye glasi ya maji, kwa sababu asali iliyochakachuliwa ikiwa nzito nayo hufaulu majaribio hayo yote.

Kinga ya kweli ni kumjua anayerina. Asali yetu nyingi hutoka kwenye misitu ya miombo, mitundu ikichanua, na mizinga ya magogo na magome huning'inizwa juu ya miti mbali na vijiji. Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, kwa hiyo wataalamu wa kuulizwa wapo mjini hapahapa. Ukibahatika kualikwa porini siku ya kurina, usikatae. Vaa nguo zinazofunika mwili wote, usijipulize manukato, na fanya anavyokuambia mwenye mizinga. Utarudi ukiwa umekula sega lenye joto la mzinga, na hutauliza tena habari za kiberiti.

"Maji ya bwawa la Igombe yametulia, kwa hiyo ni salama kuogelea."

Si kweli, na utulivu ndio hasa unaotia shaka. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani ukingoni. Isitoshe, Igombe limekuwa chanzo cha maji ya kunywa ya mji kwa miaka mingi. Nendeni mkatazame ndege asubuhi, mle samaki, mkae kivulini. Kuogelea acheni.

"Ukienda Ugalla usivae nguo za buluu."

Kweli kabisa. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya udongo. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ilitangazwa mwaka 2019, na wakati wake ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Wageni wenye kibali cha ukaazi wasilipe kiingilio kwa mazoea: hifadhi za taifa zina kiwango cha wakaazi, tofauti na cha mtalii aliyeshuka jana kwenye ndege. Bebeni kibali chenyewe.

"Historia ya Tabora iliisha misafara ilipokoma."

Si kweli hata kidogo. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, akiwa amezingirwa na majeshi ya Wajerumani chini ya Tom von Prince, alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kutekwa. Boma kubwa linaloonekana mjini ni la waliomshinda. Ukipita pale, uliza kwanza kabla ya kutoa kamera, kisha kumbuka kwamba ushindi huo haukupatikana kwa urahisi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Dar es Salaam ilipokuwa hatarini, Wajerumani walihamishia utawala wao hapa. Mwaka 1916, katika karakana ya reli, wakafua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000, kwa dhahabu ya Sekenke. Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yakaingia mjini. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na wapagazi waliowabebea walikuwa wengi kuliko wao.

Kijana Julius Nyerere alikuja kusoma Tabora School mwaka 1937, na baadaye akarudi kufundisha St. Mary's. Januari 1958 akarudi tena, safari hii kwa mkutano wa chama cha TANU ulioamua jambo gumu: kuingia au kususia uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walifika wakitaka kususia. Walipoondoka walikuwa wameamua kuingia, Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake cha African National Congress, na TANU ikashinda uchaguzi wa 1958 na 1959. Ndiyo unaoitwa Uamuzi wa Busara. Mgeni anayetaka kujua Tanganyika ilipataje uhuru bila vita aanzie Tabora, kabla ya kwenda Dar es Salaam.

"Mirambo alikuwa jambazi wa njiani tu."

Ndivyo walivyoandika waliomwogopa. Si kweli. Alijenga dola iliyoanzia Urambo, akapigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871 kwa sababu ya nani atatawala njia na ushuru wake. Agosti mwaka huo Stanley mwenyewe alijiunga na Waarabu kumpiga, wakashindwa, na Mirambo akachoma sehemu ya Tabora. Aprili 1876 Stanley alikutana naye uso kwa uso, wakachanjiana damu, na akaandika kumhusu kwa heshima ambayo hakuwapa watawala wengi. Ruga-ruga, wapiganaji wake, walitisha na waliua, na vijiji vingi viliumia. Lakini mtu aliyefariki Desemba 1884 akiwa mtawala mwenye nguvu kuliko wote kati ya Ugogo na Ziwa Tanganyika haitwi jambazi.

Wenyeji wenzangu, mgeni akikuulizeni aende wapi Jumamosi, msimwambie asubiri likizo. Mpelekeni Kwihara, mtajieni Susi na Chuma kabla ya Livingstone, mnunulieni matobolwa ya viazi vitamu njiani, na Jumapili mwonyesheni njia ya Urambo. Ni kilomita 90 hivi kuelekea magharibi, barabara ni ya lami, na reli ya Kigoma nayo inapita hapo.